Kocha Ahesabiwe kwa Nini? Miaka Thelathini ya Ubishi wa Soka, Gitega hadi Muyinga

Mechi ikimalizika katika Uwanja wa Ingoma, Gitega, watu hawatawanyiki upesi. Mishikaki ya mbuzi iko motoni, chupa za Primus zinafunguliwa, na ubishi unaendelea pale pale ulipoachwa wiki iliyopita: ni kocha gani wa Burundi amefanya kazi kubwa kuliko wote? Wazee hutaja makocha wa enzi za Vital'O. Vijana hutaja Olivier Niyungeko. Kila upande una hesabu zake za ushindi, sare, mabao na namna mtu alivyoondoka. Muyinga, kule jirani na mpaka wa Tanzania wa Kobero, ubishi ni huo huo, ila Simba na Yanga huingizwa mapema zaidi.

Katika hesabu hizo kuna kitu kinachosahauliwa: vijana ambao kocha aliwapokea wakiwa hawajulikani, akawaacha wakiwa wachezaji. Tangu miaka ya 1990, soka la Burundi limejulikana nje kwa vijana wake kuliko kwa vikombe. Anayewapima makocha wetu kwa vikombe peke yake anaacha nje sehemu kubwa ya kazi yao.

Tuanze na mwaka 1992. Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Mechi ya kwanza nyumbani ilikwisha kwa sare ya 1-1 na Africa Sports ya Abidjan, kisha marudiano yakaisha kwa kichapo cha 4-0. Mwaka uliofuata timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilibaki hatua moja tu kufika Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilicheza na Guinea mjini Libreville, dakika zikaisha 0-0, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti 5-4. Mwaka huo huo wa 1993, tarehe 21 Oktoba, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikatumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Katika moshi wa vita hivyo ndipo likatokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote katika historia yetu ya kandanda. Mapema mwaka 1995, vijana wa Burundi walio chini ya miaka 20 walikwenda Nigeria kwenye ubingwa wa Afrika wa umri wao, wakafika fainali. Cameroon iliwafunga 4-0, lakini tiketi ya Kombe la Dunia la vijana walikuwa nayo mfukoni. Mwezi Aprili wakawa Qatar, kundi moja na Hispania ya Raúl, Japani ya Hidetoshi Nakata, na Chile. Walilala 5-1 mbele ya Hispania na 2-0 mbele ya Japani. Kwa Chile walitoka sare ya 1-1.

Pointi moja. Mtu akiisoma kwenye jedwali ataona timu ya mkia. Lakini fikiria walikotoka: mitaa ya Bujumbura ilikuwa imegawanyika kwa makabila, barabara za kwenda mikoani zilikuwa na mashambulizi, na bado kuna watu waliendelea kuwakusanya watoto hao mazoezini, kuwahimiza, kuwapanga. Mpaka leo Burundi haijarudi katika fainali za dunia za umri huo. Kazi ya makocha waliowaandaa haimo katika orodha ya vikombe, na kwenye ubishi wa Gitega ni nadra kuisikia ikitajwa. Hilo linaniuma.

Vita vilitawanya wengi. Shabani Nonda, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1977, alipita Vital'O, kisha Yanga, Afrika Kusini na Uswisi, akafika Ufaransa. Msimu wa 2002/03 alikuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya huko kwa mabao 26 akiwa na Monaco. Jezi ya taifa aliyovaa ilikuwa ya Kongo. Mohammed Tchité naye alizaliwa Bujumbura, akapata jina Ubelgiji, na akaanzisha nyumbani akademia ambayo mwaka 2013 ilitwaa kombe la taifa. Saido Berahino aliondoka akiwa mtoto, akalelewa kisoka Uingereza na kuzichezea timu za vijana za huko. Alirudi kuichezea Intamba mwaka 2018 tu. Nani atampa kocha wa mtaani wa Bujumbura haki yake kwa mabao ya Nonda? Hakuna jedwali linalofanya hivyo.

Mpira ulihama pia ndani ya nchi, na hapa ndipo Gitega na Muyinga zinapoingia. Kwa miongo mingi kombe la ligi halikuwa na desturi ya kupanda mlima kutoka Bujumbura. Mabadiliko yalikuja baada ya vita, na mtu mmoja hawezi kuachwa nje ya simulizi hii: Pierre Nkurunziza, rais kuanzia 2005 hadi kifo chake mwaka 2020. Kabla ya msituni na ikulu alikuwa mwalimu wa michezo, na alizifundisha Muzinga na Union Sporting. Utawala wake unadaiwa mambo mazito, hasa tangu mwaka 2015, maelfu walipokimbilia Tanzania na Rwanda. Mimi sisemi mpira unayafuta hayo. Lakini viwanja vya mikoani vilishamiri katika miaka yake, na matokeo yakaonekana.

Flambeau de l'Est ya Ruyigi ilitwaa ubingwa mwaka 2013. Kutoka 2018 ukaishi mikoani mfululizo: Le Messager ya Ngozi, Aigle Noir ya Makamba, Le Messager tena mara mbili, na mwaka 2022 Flambeau du Centre ya Gitega. Muyinga ilikuwa na furaha yake mwaka 2017, Olympique Star ilipolibeba Kombe la Rais. Mashabiki wa miji hii miwili hawakuwa tena wasikilizaji wa redio wa mambo ya Bujumbura. Walikuwa na makocha wao wa kuwasifu na kuwalaumu, na vijana wao wa kuwabishania: yupi apewe namba, yupi asubiri. Flambeau du Centre ilipokutana na Zamalek ya Cairo Oktoba 2022 na kutolewa, Gitega ilijifunza pia upande mchungu wa ubingwa.

Sasa Niyungeko, aliyekuwa kocha wa Intamba, maana ndiye anayepandisha sauti za watu. Tarehe 23 Machi 2019, mjini Bujumbura, Burundi ilihitaji sare tu mbele ya Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang. Cédric Amissi alifunga dakika ya 76. Dakika sita baadaye beki wetu akajifunga. Dakika zilizobaki nchi nzima ilizisikiliza kwa pumzi ya kukopa. Filimbi ya mwisho ilipolia, ubao ukisoma 1-1, Burundi ilikuwa imefuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, tena bila kupoteza mechi hata moja katika kundi lake: ushindi mara mbili, sare mara nne.

Fainali zenyewe, nchini Misri, zilikuwa habari nyingine. Nigeria 1-0, Madagascar 1-0, Guinea 2-0. Mechi tatu, bao hakuna. Hapo ndipo wapinzani wa Niyungeko huweka kidole: mzee wangu, kocha gani anakwenda mashindanoni asifunge hata moja? Jibu langu ni kwamba Nigeria na Madagascar zilipata bao baada ya dakika ya 75, na dhidi ya Guinea tulicheza sehemu kubwa ya mechi tukiwa 10. Timu iliyozuia hivyo ilikuwa imefundishwa. Kufunga ni suala la washambuliaji, na washambuliaji huandaliwa miaka mingi kabla kocha wa taifa hajawaita.

Septemba 2019 ikaleta jambo ambalo Muyinga hawajalimaliza mpaka leo. Burundi ilikutana na Tanzania kutafuta nafasi ya kuendelea katika mchujo wa Kombe la Dunia. Sare ya 1-1 Bujumbura, sare ya 1-1 Dar es Salaam, kisha penalti: Taifa Stars 3, Burundi 0. Aliyeketi benchi la Tanzania alikuwa Étienne Ndayiragije, Mrundi, mtu aliyewahi kuifundisha Vital'O. Alikuwa ameifikisha Mbao ya Mwanza fainali ya Kombe la FA mwaka 2017, ambako Simba ilihitaji muda wa nyongeza kuifunga 2-1. Baadaye aliipeleka Tanzania kwenye CHAN, kisha akarudi nyumbani kuifundisha Intamba.

Wapo wanaomwona kama aliyetutoa sisi wenyewe. Mimi naona ushahidi wa kile ninachokisema. Cédric Kaze aliifundisha Yanga na kuipa Kombe la Mapinduzi mwaka 2021. Masoud Djuma aliipa Rayon Sports ubingwa wa Rwanda, akafanya kazi Simba. Amissi Tambwe alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania akiwa Simba, kisha tena akiwa Yanga. Saidi Ntibazonkiza alifunga mabao 17 msimu wa 2022/23 na kugawana kiatu cha mfungaji bora na Fiston Mayele. Nchi ndogo kama hii haitoi watu wa namna hiyo kwa bahati. Kuna mikono iliyowalea.

Mfano ulio karibu zaidi na mikoa ni Youssouf Ndayishimiye. Kutoka Aigle Noir alikwenda Uturuki, akapita Malatya na Istanbul, na mwaka 2023 akasajiliwa na Nice ya Ufaransa. Klabu ya Makamba, ya mkoani, ilimtoa mchezaji hadi ligi aliyotamba Nonda.

Upande wa pili ni huu. Agosti 2024 Vital'O, bingwa wa nchi, ilifungwa na Yanga 4-0 na 6-0, mechi zote mbili zikichezwa Dar es Salaam, hata ile iliyokuwa ya nyumbani. Juni 2022 Intamba nayo iliipokea Cameroon huko huko Dar, kwa kukosa nyumbani uwanja unaokubalika na CAF. Tangu mwaka 2025 Muyinga na Ruyigi zimo katika mkoa mmoja mpya, Buhumuza, kwa hiyo Olympique Star na Flambeau de l'Est sasa zina serikali moja ya mkoa ya kuidai uwanja unaokubalika na CAF na timu za umri mdogo zenye kocha anayelipwa. Mashabiki wanaojua rekodi za makocha kwa moyo wangeyaweka madai hayo mezani kabla ya lile swali la nani bora.