Kutokeza kwa macho

Kutokeza kwa macho ni hali ya jicho moja au yote mawili kusukumwa mbele ya tundu lake la mfupa kupita kawaida. Isichanganywe na kukodoa wala kutumbua: hivyo ni vitenzi vya tendo, na anayekodoa macho aweza kuacha. Msemo "macho yamemtoka" nao hutumika kwa hofu na mshangao pia, kwa hiyo mbele ya tabibu hautoshi. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambako mzee asemaye Kiiraqw au Kidatooga huenda akafasiriwa na mjukuu wake, afadhali isemwe wazi: "jicho limesukumwa mbele", kisha itajwe ni moja au yote, tangu lini, na kama lauma.

Kwa watu wazima, chanzo kikuu ni ugonjwa wa Graves, uitwao kwa jina la tabibu wa Ireland, Robert Graves, aliyeueleza mwaka 1835. Kinga ya mwili huichochea tezi dundumio kupita kiasi, tena hushambulia mafuta na misuli iliyo nyuma ya jicho. Hivyo huvimba, na kwa kuwa mfupa hautanuki, jicho halina pa kwenda ila mbele. Hapa neno rovu hupotosha. Rovu litokanalo na upungufu wa madini joto, linalojulikana sana nyanda za juu, huvimbisha shingo lakini halisukumi macho. Shingo iliyovimba pamoja na macho yaliyotokeza, moyo kwenda mbio na kukonda ni ugonjwa mwingine, wala chumvi yenye madini joto haiuponyi.

Kwa mtoto, jicho moja lililotokeza ni jambo la haraka. Likiambatana na homa na kope nyekundu iliyovimba, yaelekea uambukizo umepenya kutoka kwenye uwazi wa mifupa kandokando ya pua. Hapo huhesabiwa saa, si siku. Mboni ing'aayo nyeupe huashiria saratani ya retina. Iko pia saratani iliyoelezwa Kampala na daktari mpasuaji Denis Burkitt mwaka 1958, ambayo hufuata maeneo ya malaria nyingi na huwa adimu juu ya mita 1,500 hivi. Kwa sababu hiyo tabibu humwuliza mzazi kama mtoto amekulia uwandani Mbulu au chini, bonde la Eyasi.

Jicho lisilofunikwa na kope hukauka, na konea hupata vidonda. Hadi mgonjwa afike hospitalini, kama ile ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955, jicho lilindwe na vumbi, wala lisitiwe dawa ya majani.