Merigi si Kericho: ijue nchi ya chai

Kila ninapoteremka Mombasa kutoka Merigi huulizwa swali lile lile: "Kericho kukoje?" Nami hujibu kwamba Merigi si Kericho. Wengi hudhani natania. Leo naomba nieleze, maana chai inayouzwa mjini kwetu ina kwao, na kwao kuna majina.

Zamani yote ilikuwa wilaya moja ya Kericho. Mwaka 1992 Bomet ikakatwa ikawa wilaya yake, na kwa Katiba ya 2010 zikawa kaunti mbili. Kaunti ya Kericho ina maeneobunge sita: Ainamoi, Belgut, Bureti, Kipkelion Mashariki, Kipkelion Magharibi na Sigowet-Soin. Bomet ina matano: Sotik, Chepalungu, Konoin, Bomet ya Kati na Bomet Mashariki. Merigi ni wadi ya Bomet Mashariki, pamoja na Longisa, Kembu, Chemaner na Kipreres. Wenyeji wengi wa kaunti zote mbili ni Wakipsigis.

Anayetoka pwani hupita Nairobi na Narok, akavuka mto Amala pale Mulot, akaingia Bomet. Mji wa Bomet wenyewe uko kando ya mto Nyangores. Mito hiyo miwili hutoka msitu wa Mau, ikakutana ikawa mto Mara, unaopita mbuga za Maasai Mara na Serengeti hadi Ziwa Victoria. Msitu ukikatwa huku juu, hata jirani zetu wa Tanzania hukosa maji. Milima ya chai ina kimo cha yapata mita 2,000, na mvua hupenda kunyesha alasiri. Baridi yake, ndugu yangu, leso moja haitoshi. Lakini usidhani kote ni chai. Chepalungu na upande wa chini wa Sotik ni nchi ya mifugo na mahindi, na Soin, inayotazama Nyando, ni ya joto na miwa.

Majengo nayo yana hadithi. Mjini Kericho kuna Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950. Kuna Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015, lenye paa refu la vigae linaloinuka kufuata mlima na nafasi ya watu 1,500. Kuna hekalu kubwa la Masingasinga, la kumkumbuka Baba Puran Singh, aliyeishi mjini humo miaka mingi. Huko Bomet kuna hospitali ya Tenwek, iliyoanza kama zahanati ya wamishonari katika miaka ya 1930. Hospitali hiyo hutumia maporomoko ya Nyangores kuzalisha umeme wake. Na kule Kipkelion kuna Fort Ternan, ambako Louis Leakey alipata mabaki ya kiumbe wa kale aliyeitwa Kenyapithecus. Reli iliyoanzia kwetu Mombasa ilipita hapo hapo ilipokuwa ikielekea Kisumu mwaka 1901.

Ila mpaka mkubwa kuliko yote huku haumo katika ramani za kaunti, nao ni ule unaotenga mashamba ya makampuni na vishamba vya wananchi. Mashamba makubwa yalianza miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo wenyeji waliondolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, na vizazi vyao bado vinadai haki. Sisi wa pwani, tunaojua maana ya kuitwa maskwota katika ardhi ya babu zetu, hatuhitaji mkalimani kulielewa hilo.

Merigi iko upande wa vishamba. Alfajiri watu huchuma majani mawili na kichipukizi, wakayapeleka kituoni kupimwa, kisha lori likayabeba hadi kiwandani. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi, akangoja bonasi ya mwaka. Wakulima wa huku hulalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa.

Na bei hiyo huamuliwa wapi? Mombasa. Mnada wa chai ulihamia kwetu kutoka Nairobi mwaka 1969. Siku hizi biashara hufanywa kwa kompyuta, lakini magunia bado hulala katika maghala yetu yakingoja meli.

Kwa hiyo ukisikia bei imeshuka mnadani, jua kuna mzazi Merigi anayehesabu upya karo ya mwanawe. Na ukinimiminia kikombe nikija, uliza kwanza: chai hii ni ya wapi?