Wepesi wa Kuamua, Uzito wa Kupokea: Kiswahili Sanifu katika Mombasa Bara

Ni desturi ya waamuzi kuwalaumu wanaoamuliwa. Mageuzi makubwa yatangazwapo, na watu wasiyakimbilie, husemwa kwamba watu hao hawajaelewa, au kwamba wameshikilia ya kale kwa uvivu tu. Katika makala haya nakusudia kuipima hoja hiyo kwa kisa kilicho karibu nasi tunaofundisha lugha, nacho ni jinsi Kiswahili Sanifu, chenye msingi wa Kiunguja, kilivyopokewa katika Mombasa bara, yaani Kisauni, Changamwe na Likoni, sehemu zinazokizunguka kisiwa cha Mvita. Nitajaribu kuonyesha kwamba uzito wa watu haukutokana na kutoelewa. Walielewa vyema walichotakiwa kukiweka kando, na baadhi yao walikuwa wamekipata kwa gharama kubwa.

Kwanza yafaa tukumbushane historia. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Kwa upande wa Unguja, Edward Steere alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Tangu hapo misheni mbili zikawa na lahaja mbili za kuandikia: UMCA na Kiunguja, CMS na Kimvita. Ushindani huo uliamuliwa mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa na kuhudhuriwa na Profesa Carl Meinhof. Kiunguja kikachaguliwa, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi.

Uamuzi huo haukukosa sababu. Kiunguja kilikuwa kimefuata misafara ya biashara hadi Tabora, Ujiji na Kongo, na kilikuwa kimeenea Tanganyika kuliko lahaja nyingine yoyote. Lakini Kamati hiyo ilipoanza haikuwa na mwanachama hata mmoja aliyekuwa Mwafrika. Mvita ilikuwa mwenyeji wa mkutano, lakini wenye Kimvita hawakuulizwa.

Sasa na tuvuke hadi Kisauni. Hapo ndipo CMS ilipojenga kijiji cha Freretown mwaka 1875, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa wametekwa mbali, katika nchi za Wayao, Wamakua na za Ziwa Nyasa. Hawakuwa na lugha moja. Lugha iliyowaunganisha shuleni na kanisani ikawa Kiswahili, na CMS ilivyozidi kuelekea Kimvita, vitabu vyao navyo vikawa vya Kimvita. Agano Jipya la Kimvita lilitoka mwaka 1909, na Biblia nzima mwaka 1914.

Tumfikirie mtoto aliyeshushwa pwani ya Kisauni mwaka 1875 akiwa na umri wa miaka kumi. Lugha ya mamaye ilimpotea. Akajifunza nyingine ukubwani mwa taabu, akaoa kwayo, akazikia kwayo, na alipofika miaka arobaini na tisa akaipata Biblia yake kamili kwa lugha hiyo. Alipotimiza miaka sitini na mitatu, wakubwa wakakutana ng'ambo ya maji na kuamua kwamba vitabu vya shule vya wajukuu wake visiandikwe hivyo. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mtu huyu alikuwa ameachishwa asili kwa utumwa wenyewe, akajifanyia asili mpya, na sasa alitakiwa aiache hiyo nayo. Je, uzito wake tuuite ujinga? Makanisa yenyewe, pamoja na elimu na uwezo wa viongozi wake, hayakuharakisha. Biblia ya pamoja haikukamilika hadi mwaka 1952, yaani miaka ishirini na minne baada ya mkutano.

Upande wa Changamwe na Jomvu hali ilikuwa nyingine. Wachangamwe na Wajomvu wamo katika Thenashara Taifa za Mombasa. Wachangamwe katika Miji Mitatu, na Wajomvu katika Miji Tisa. Kwao lugha hii haikuletwa na misheni. Ilikuwa lugha ya nasaba, ya ngoma na ya hati za mashamba, nayo ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu kale. Mtoto wa huko aliyesema kitwa, mato, ndia na mtele aliambiwa shuleni kwamba ni kichwa, macho, njia na mchele. Ile tofauti ya t ya meno na t ya ufizi, ambayo sikio la Mvita haliikosi, haikupewa nafasi katika tahajia mpya. Hivyo mtoto alifunzwa kusoma, na papo hapo akafunzwa kwamba babake hukosea.

Wala tusidhani kwamba watu hawa walichukia kila jipya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, mwaka ule ule Kamati ilipoanza kazi, na Al-Islah mwaka 1932. Humo aliwahimiza Waislamu wa pwani wajirekebishe na watafute elimu, ya wasichana pia. Aliandika kwa lugha ya wasomaji wake, na mageuzi aliyoyahubiri yalitoka miongoni mwao.

Kipimo kizuri zaidi cha hoja yetu kimo Changamwe hiyo hiyo. Tangu reli ianze kujengwa mwaka 1896, na bandari ya Kilindini kupanuka, wafanyakazi wengi kutoka bara ya mbali walihamia huko. Kwao Kiswahili, kiwe cha Mvita au cha Unguja, kilikuwa lugha ya kujifunza. Hawakuwa na akiba ya Kimvita ya kupoteza, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kusita. Mahali ni pamoja na mageuzi ni yale yale, lakini mwendo ni mbalimbali. Kilichowatofautisha si akili, bali ni kile ambacho kila mmoja alitakiwa kukitoa.

Hatimaye wenyeji nao walikipokea Kiswahili Sanifu, lakini kwa kuchagua. Walikipokea palipokuwa na mtihani, barua na kazi, hasa baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Nyumbani, na katika ushairi, walikibakiza Kimvita. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir ilitoka mwaka 1971, na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ikatoka mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Lahaja iliyoondolewa katika vitabu vya sarufi ilirudi katika madarasa yetu kwa mlango wa fasihi.

Hapa sina budi kukiri jambo. Niliporudi na shahada yangu kutoka ng'ambo, nilimkata alama mwanafunzi wa Kisauni aliyeandika kitwa katika insha. Wiki hiyo hiyo nilisimama mbele ya darasa lile lile nikilisifu shairi lenye neno hilo hilo. Mwanafunzi yule aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kosa ni neno au ni mimi?" Sikuwa na jibu.

Sisemi kwamba Kiswahili Sanifu kilikuwa kosa. Bila yake nisingeweza kuandika makala haya yakasomwa Dar es Salaam na Nairobi kwa pamoja. Nisemalo ni kwamba kila tunapobuni istilahi au kanuni mpya, kisha tukaona watu wanasita, swali la kwanza lisiwe kwa nini hawaelewi. Liwe: tumewataka waache nini, na je, tuliwauliza?