Upasuaji wa Kupunguza Matiti

Upasuaji wa kupunguza matiti ni tiba ambayo kwayo tabibu mpasuaji huondoa sehemu ya tezi, mafuta na ngozi ya titi lililozidi uwezo wa mwili unaolibeba, kisha akaliunda upya na kuipandisha chuchu mahali pake. Wanaoihitaji aghalabu ni wanawake wenye maumivu ya shingo na mgongo yasiyokwisha, ambao kanda za sidiria zimewachimba mabega, na ngozi ya chini ya matiti haikauki jasho hata ikafanya harara na kuchubuka.

Asili yake ni ya kale, ila ilianza kwa wanaume: Paulo wa Aegina katika karne ya 7, na baada yake Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, waliandika jinsi ya kukata titi la mwanamume lililokua mfano wa la mwanamke. La mwanamke lilikuwa mtihani mkubwa zaidi, kwa kuwa chuchu hupata damu na hisi kutoka pande mbalimbali za kifua, na kisu kikizikata njia zote, chuchu hufa. Max Thorek wa Chicago, mnamo 1922, aliiondoa kabisa akaibandika tena kwenye titi lililopunguzwa. Namna hiyo ingali ikitumika kwa matiti makubwa mno, ijapokuwa hisi hupungua sana na kunyonyesha hakuwezekani tena. Mwaka 1930 tabibu Schwarzmann alibainisha kwamba ukibandua ngozi ya juu tu kuizunguka chuchu na kuisaza ya ndani, vijishipa vilivyomo humo husaidia kuilisha. Juu ya maarifa hayo vilisimama vikonyo vya leo, yaani kipande cha titi kinachoachwa kimeshikana na kifua ili kiibebe chuchu: Strömbeck wa Sweden alikilaza mwaka 1960, McKissock wa Marekani akakisimamisha wima mwaka 1972, na wengine baadaye wakakisaza cha chini pekee, ambacho Marekani kilienea kuliko vyote.

Mkato wa ngozi ni shauri jingine. Ruwaza aliyoitoa Robert Wise mwaka 1956, kwa kufuata mishono ya sidiria, huacha kovu la umbo la nanga. Lassus wa Ufaransa na Lejour wa Ubelgiji wakauendeleza mkato wa wima, nao Hall-Findlay wa Kanada, mwaka 1999, akaurahisisha kwa kikonyo cha upande wa ndani. Mkato huu huacha kovu fupi, lakini wataka mkono uliozoea.

Kazi huanza kabla ya dawa ya usingizi. Mgonjwa husimama wima, tabibu akamchora kwa wino, kwa sababu akilala matiti humwagikia ubavuni na vipimo vyote hupotea. Chuchu hupangiwa makao mapya karibu na usawa wa mkunjo wa chini ya titi. Nyama inayotolewa hupimwa uzito, kisha hupelekwa maabara kuchunguzwa isije ikawa imeficha saratani, na kabla ya mishono ya mwisho kitanda huinuliwa hata mgonjwa akawa kama aliyeketi, ili matiti yalinganishwe.

Matokeo yake ni mema kuliko ya tiba nyingi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba upasuaji uliwaletea wanawake afueni ambayo kupunguza unene, mazoezi ya viungo na sidiria maalumu havikuwapa kwa kudumu. Kwa hiyo desturi ya baadhi ya kampuni za bima kukataa malipo mpaka nyama inayotolewa itimie gramu kadhaa naiona ni dhuluma, maana maumivu hayapimwi kwa mizani. Madhara nayo yapo: jeraha huchelewa kufunga, hasa pale mishono inapokutana chini ya titi, hisi ya chuchu yaweza kupungua, makovu huweza kututumka, zaidi kwa wenye ngozi nyeusi, na kwa nadra chuchu hufa. Tumbaku na unene huzidisha hatari hizo.

Wengi huweza kunyonyesha baadaye, pengine kwa maziwa yasiyotosha, endapo tishu ya nyuma ya chuchu imesazwa. Mwanamke anayetaraji kuzaa, basi, na amuulize tabibu wake kabla ya kutia sahihi ni kikonyo gani atakachokitumia, na asiridhike mpaka apate jibu bayana.