Mteja Aliyejipandia Karafuu

Karafuu ni mgeni Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku. Wafaransa waliipitisha Mauritius na Réunion, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akashikilia ipandwe kwa wingi. Kilichoipa Pemba ukubwa wake ni kimbunga cha 1872, kilichoilaza mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimetoka Wete, Chake Chake na Mkoani, na kwa miaka mingi hakuna nchi iliyouza karafuu nyingi kuliko Zanzibar. Cheo cha namna hiyo kina maradhi yake: mwenye nacho huanza kuamini kwamba mnunuzi hana pengine pa kwenda. Soko la Pemba liliharibikia ofisini kabla ya kuharibikia shambani.

Onyo lilitolewa mapema. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilikipa chama cha wakulima wa karafuu, CGA, kilichoundwa 1927, haki ya kununua peke yake. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, na chama cha Congress kikawahimiza watu wa India nao waisuse karafuu ya Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa, kwa hiyo 1938 serikali ilikaa kitako ikapatana nao. Hata hivyo baada ya Mapinduzi ukiritimba ulirudi, safari hii mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoanzishwa 1968. Bei ya dunia ilipopanda katika miaka ya 1970, iliyoipandisha hasa ni kretek, sigara za karafuu za Java, ambazo viwanda vyake vilikuwa vikinunua karafuu ya Zanzibar na ya Madagascar. Mkulima wa Pemba aliyelipa wachumaji, akachambua makonyo na kuanika majamvini, aliambulia sehemu ndogo tu ya bei ile. Mkarafuu huchukua miaka saba au minane kabla ya kuanza kuzaa. Nani apande mti wa kungojewa hivyo kwa malipo yale? Mikarafuu ikazeeka bila warithi. Karafuu nyingine ikavushwa usiku kwa magendo hadi pwani ya Kenya, nchi isiyo na mashamba ya kutajika ya zao hilo.

Wakati huohuo mteja mkuu alikuwa anapanda. Kufikia miaka ya 1980 Indonesia ilikuwa karibu kujitosheleza, na bei ikaanguka. Atakayesema Indonesia ingepanda tu, kwa kuwa ndiko kwenye asili ya karafuu, amesema kweli, na hakuna bei ya Unguja ambayo ingeizuia. Lakini Madagascar nayo ilimpoteza mteja huyohuyo, na leo inauza nje karafuu nyingi kuliko Zanzibar kwa mbali. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fedha zile hazikupotea: zilijenga nyumba za Michenzani, shule na hospitali, na Zanzibar ikapata televisheni ya rangi tangu 1973. Sawa, ingawa Michenzani iko Unguja na mikarafuu iko Pemba. Miaka ile ya neema ndiyo iliyokuwa na fedha za kupanda miche mipya na kutafuta mnunuzi wa pili, na haikurudi.

Ushahidi wa mwisho umetoka serikalini kwenyewe. Mwaka 2011, chini ya Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, mzaliwa wa Pemba, kilo ilifika shilingi 15,000, na mkulima akaahidiwa takriban asilimia 80 ya bei ya nje. Magendo yakapungua sana, ingawa bahari ilikuwa ileile na Mombasa haikuhama. Sheria ya 2014 ikaanzisha mfuko wa kuendeleza zao, huku ununuzi ukibaki kwa ZSTC. Bei yenyewe sasa hufuata mavuno ya Indonesia, na msimu wake ukiwa mzuri, Wete hulipwa kidogo.