Mbachao wa Bibi: Historia ya Uwekevu katika Nyumba Yetu



Baada ya khitma ya marehemu Bibi tulifungua stoo yake hapa Seeb ili tugawane vilivyomo. Tulikuta mtungi wa udongo wenye ufa shingoni, mbuzi ya kukunia nazi aliyokuja nayo kutoka Unguja, doti nne za kanga ambazo hazijapindwa, na kisanduku kilichojaa mifuko ya plastiki. Kila mfuko ulikuwa umeoshwa, umekaushwa, kisha umekunjwa pembetatu mfano wa sambusa. Binamu yangu aliuliza kama avitupe. Wote walicheka, nami nilicheka pamoja nao, kisha nikanyamaza, kwa kuwa kisanduku kile kilinikumbusha jambo ambalo sijapata kumwambia mtu.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, wenzangu wa skuli walikuja nyumbani wakaiona mifuko hiyo imeanikwa kwenye kamba, pembeni ya nguo. Waliuliza ni ya nini. Nikajibu kwamba ni ya mtumishi. Bibi alikuwa amesimama mlangoni akinisikia. Hakunigombeza; aliianua mifuko yake mmoja mmoja, akaingia ndani.

Tarehe 1 Januari 2021 Oman ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya dukani inayotumika mara moja. Kenya ilikuwa imetangulia Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Siku hizi wanangu wanafundishwa skuli kupunguza, kutumia tena na kutotupa ovyo, na wanarudi nyumbani kunihubiria kana kwamba ni elimu iliyozuka jana. Kwa hiyo nimeona niandike, kwa ajili yao na kwa ajili yenu, uwekevu wa nyumba yetu ulitoka wapi. Nitajitahidi kusema kweli yote, hata ile isiyotupendeza.

Chanzo cha kwanza ni mnazi. Katika nyumba aliyolelewa Bibi, Mji Mkongwe, hakuna sehemu ya nazi iliyotupwa. Nyama ilikunwa na kukamuliwa tui kwa kifumbu. Chicha iliyobaki walipewa kuku, au ilisugulia vyombo. Kifuu kizima kilichongwa kikawa kata ya kutekea maji au upawa wa kupakulia mchuzi, na kilichovunjika kilitiwa jikoni kuwa kuni. Makumbi yalifukiwa pwani kwenye maji ya chumvi kwa miezi kadhaa, yakaoza na kulainika, yakapondwa yakatoka nyuzi za usumba za kusokotea kamba. Kwa kamba hizo watu wa pwani walitia vitanda na kufunga paa, na zamani walishona hata vyombo vya baharini: mtepe ulikuwa na mbao zilizoshonwa kwa kamba badala ya misumari. Makuti yaliezeka nyumba, vijiti vya chelewa vikawa fagio, na pakacha lililosukwa kwa kuti bichi lilichukua samaki na matunda kutoka sokoni. Pakacha likichakaa, lilitupwa shambani likawa mbolea. Ndilo lililokuwa mfuko wetu kabla ya plastiki.

Wazee wetu waliokuja na msimu kutoka Oman hawakulikuta jambo hili geni. Walikotoka, mtende ulifanya kazi ile ile. Tende zililiwa na kutoa asali yake, kokwa zilipewa mifugo, makuti yakajenga vibanda vya kiangazi, na katika pwani ya Batinah wavuvi walifunga vijiti vya makuti ya mtende wakapata shasha, kidau chepesi cha kuvulia. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kwa mtende alipofika kwenye minazi, alibadili mti lakini hakubadili mwendo.

Chanzo cha pili ni nguo. Kanga huuzwa doti, yaani mbili pamoja, na umri wake ni mrefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ikiwa mpya, ilivaliwa harusini. Ikizoeleka, ilivaliwa nyumbani na jikoni. Ikilainika kwa kufuliwa, ikawa mbeleko ya kumbebea mtoto, kisha ikakatwa winda za mtoto huyo huyo. Mwisho ikawa tambara la kupigia deki, na hapo ndipo maneno yaliyoandikwa ukingoni yalipofutika kabisa. Bibi alikuwa akisema kwamba nguo inayotupwa ikiwa bado inasomeka imeuawa kabla ya ajali yake.

Cha tatu ni maji, na hapa ukoo wetu una urithi kutoka pande zote mbili za bahari. Katika milima ya Oman maji yalipatikana kwa falaj, mfereji unaoyatoa chini ya ardhi au kwenye chemchemi na kuyaleta kijijini kwa mteremko tu, bila mashine. Zaidi ya aflaj 3,000 zinatumika mpaka leo, na mwaka 2006 tano kati yake, ikiwemo Falaj Daris ya Nizwa, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maji hupita kwanza pa kunywa, ndipo yafike msikitini na pa kuogea, na mwisho huingia mashambani. Zamu ya kila mwenye shamba hupimwa kwa muda. Athar moja ni takriban nusu saa, na wazee waliihesabu mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Mtu aliyezoea kumiliki nusu saa ya maji hawezi kuliacha bomba wazi.

Unguja mvua ni nyingi, lakini mjini maji matamu hayakuwa rahisi. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyavuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Hata baada ya hapo nyumba nyingi ziliendelea kutegemea visima na mitungi. Mtungi ndio uliokuwa friji yetu. Udongo wake una vitundu visivyoonekana. Maji hutoka jasho polepole, na jasho hilo likikauka huondoka na joto, basi yaliyobaki ndani hupoa. Kabla ya kutiwa maji ulifukizwa ubani, na anayekunywa akaisikia harufu yake. Maji yalichotwa kwa kata, na aliyechota zaidi ya haja yake aliambiwa amefanya israfu. Tulifundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika hata lita. Bibi alitawadha kwa kopo mpaka mwaka wake wa mwisho, na bomba liko mbele yake.

Nyumba yenyewe nayo ilijua kuweka akiba. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zilichelewesha joto la mchana lisiingie ndani. Upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita tatu, na boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini wakati wa kusi zikapelekwa Oman na Ghuba, ndiyo sababu vyumba vya kale vya huku vinafanana kwa wembamba na vya kule. Dirisha lilielekezwa kwenye upepo, na uwanja wa ndani ukatoa hewa ya moto juu.

Hayo yote ni maarifa, nami najivunia. Lakini maarifa hayatoshi kueleza kisanduku cha mifuko. Bibi hakuikunja mifuko ile kwa sababu ya mnazi. Aliikunja kwa sababu ya hofu.

Alikuwa msichana mdogo Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Mji uliozoea wali ukala muhogo na mtama. Serikali ya Kiingereza iligawa vyakula na nguo kwa kipimo, na kipimo hicho kilitazama kabila la mtu: aliyehesabiwa mla wali hakupewa sawa na aliyehesabiwa mla sembe. Bibi alikumbuka mama yake akipima mchele kwa kibaba, kisha akirudisha konzi moja kwenye gunia. Konzi hiyo iliitwa ya kesho. Nilipokuwa mtoto nilidhani methali ya haba na haba hujaza kibaba ni mapambo ya mazungumzo. Kwake ilikuwa hesabu ya jikoni.

Mara ya pili ilikuwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, hasa miaka ya mwanzo ya 1970, pale mchele, unga na sukari vilipokuwa vya foleni. Wakati huo alikuwa na watoto wanne. Alijifunza kutumia majani ya chai mara mbili, kufunga vitu kwa gazeti na kufungua uzi wa fulana iliyochanika ili ashonee nyingine. Alipoondoka Unguja kuja Maskati mwaka 1974 alikuwa na sanduku moja tu, na ndani yake akaiweka mbuzi ya kukunia nazi, ingawa aliambiwa kwamba anakokwenda hakuna minazi.

Alifika katika nchi iliyokuwa ikibadilika upesi. Sultan Qaboos alikuwa ameshika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi kujenga. Zikaja barabara, skuli, hospitali, umeme, viyoyozi, na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Sitaki mtu anielewe vibaya: neema ile iliokoa maisha, na Bibi aliishukuru kila siku. Lakini ilileta pia tabia mpya. Mtu akaanza kuheshimiwa kwa anavyotupa. Chakula kinachobaki kikawa dalili ya ukarimu, na kiyoyozi kinachonguruma katika chumba kisicho na mtu kikawa dalili ya uwezo. Katika hali hiyo mwanamke anayefua mifuko ya plastiki alikuwa fedheha, na mjukuu wake alimkana mbele ya wageni.

Hapa nafika kwenye sehemu ambayo katika barza zetu huwa tunairuka. Tunapoyasifu maisha ya kale kwamba hayakuwa na taka, tuulize ni nani aliyeyafanya yawezekane. Maji ya mtungi hayakujichota. Makumbi hayakujiponda. Babu mzaa bibi alikuwa na shamba la karafuu; baba yake alikuwa nalo kabla yake, katika zama ambazo kazi ya mashambani ilifanywa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897, lakini mazoea hayakwisha kwa tangazo. Bibi alinihadithia mara nyingi habari za mwanamke aliyewachotea maji katika utoto wake, kisimani na kurudi, ngazi mbili juu, alfajiri na alasiri. Alijua kuwa mama wa mwanamke huyo alizaliwa mtumwa. Alikumbuka idadi ya debe zilizojaza mitungi: nane kwa siku. Alikumbuka kwamba mwanamke yule ndiye aliyemgombeza alipomwaga maji, na ndiye aliyemfundisha kuchota kwa kiasi.

Nilimuuliza jina lake. Bibi alifikiri muda mrefu, kisha akasema kwamba walimwita kwa kazi yake.

Tangu siku hiyo siwezi tena kuusifu uwekevu wetu kwa ulimi mwepesi. Somo tunalojivunia kuwa la ukoo lilifundishwa na mtu ambaye kila tone lilikuwa juu ya kichwa chake. Nami nilipowaambia wenzangu kwamba mifuko ile ni ya mtumishi, nilidhani nasema uongo. Kwa namna nisiyoijua, nilikuwa nikimtaja mwenyewe.

Basi nyumbani kwangu tumeanza mambo machache, mepesi, na tumekubaliana kwamba kila mmoja atayafanya kwa mkono wake, si kwa kumwamrisha mwingine. Tunakwenda sokoni na vikapu vya ukili. Tunatawadha kwa kopo, na maji ya kuoshea mchele tunayamwagia mlimau. Mchele unapimwa kabla ya kupikwa, na wali wa jana unakuwa kiporo cha asubuhi. Kanga zinafuata safari yake mpaka tambara. Jioni za majira ya baridi tunazima kiyoyozi na kufungua madirisha yanayotazamana. Mifuko ya Bibi hatukuitupa. Tutaitumia mpaka itoboke, kwani kuinunulia mbadala hali bado mizima ni israfu nyingine. Mtungi nimeuziba ufa na kuuweka barazani. Bado unavuja kidogo, nikaweka chungu cha mnaana chini yake.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha mbachao siku ile mlangoni, na Bibi akafa sijamwomba radhi. Namwomba hapa, mbele yenu.

Na kwenu, hasa wazee wetu mlioko Unguja, Dubai na Uingereza, nina ombi moja. Ikiwa kuna anayelikumbuka jina la mwanamke aliyechota maji katika nyumba ile ya Malindi kabla ya vita vya 1939, au anayewajua watoto wake, naomba aniandikie. Nimeacha mstari mtupu katika daftari la ukoo, chini ya jina la mama yake Bibi, na sitaki kuujaza kwa jina la kazi.