Pombe ya nafaka Ruiri: kazi ya moto wa kuni

RUIRI, mji mdogo wa eneo la Buuri katika Kaunti ya Meru, umo mahali ambapo miteremko ya Mlima Kenya huanza kukauka kuelekea Isiolo. Katika sehemu kame za Meru, na vivyo hivyo Tharaka na Mbeere upande wa Embu, mahindi hayaaminiki, na wakulima wengi hutegemea mtama na wimbi. Nafaka hizo ndizo zitoazo pombe ya kienyeji, nayo hupikwa kwa kuni juu ya mafiga.

Kazi huanza siku kadhaa kabla ya moto kuwashwa. Mbegu za wimbi hulowekwa, hufunikwa kwa gunia hadi zichipuke, kisha huanikwa juani na kusagwa. Unga huo ndio kimea. Mbegu inapochipuka hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na pasipo sukari hamira haina cha kula.

Kisha uji mzito wa mtama au mahindi hupikwa katika sufuria kubwa au pipa, ukikorogwa kwa mwiko mrefu. Joto hulainisha wanga, ambao ukiwa mbichi ni mgumu kumeng'enywa, na huua vijidudu vingi ambavyo vingeuharibu uji. Hapa ndipo ustadi wa mpishi unapoonekana. Moto wa kuni haupunguzwi kwa kuzungusha swichi. Vigogo huvutwa nje kimoja kimoja, na makaa husambazwa kwa kijiti. Uji ukishika chini, ladha ya kuungua haitoki tena. Kuni zisizokauka hutia harufu ya moshi katika pombe, jambo ambalo, si siri, baadhi ya wanywaji hulipenda.

Kimea hakitiwi uji ungali ukichemka, kwani joto kali huviua vimeng'enya. Asiye na kipimajoto hungoja tu upoe. Baada ya siku moja hadi tatu pombe huchujwa: nzito, chachu kidogo, na kileo chake aghalabu hakizidi cha bia ya chupa. Haiwekeki, siku chache tu hugeuka siki.

Buzaa ya magharibi mwa Kenya hutumia moto kwa namna nyingine: unga uliochachuka hukaangwa juu ya bati hadi ukauke, ndipo huchanganywa na maji na kimea. Muratina, ya asali au maji ya miwa, haihitaji kupikwa. Matunda makavu ya mwegea hubeba hamira, na moto huwa wa kukipa kibuyu uvuguvugu tu.

Mtama huohuo una mnunuzi mwingine. Kampuni ya East African Breweries ilipoanzisha Senator Keg mwaka wa 2004, bia ya bei nafuu iliyokusudiwa kuwaondoa wanywaji kwenye vileo haramu, ilisamehewa ushuru, na baadaye wakulima wa maeneo haya wakapata soko la mtama. Mwaka wa 2013 serikali iliitoza ushuru, mauzo yakaporomoka, na wakulima wakabaki na magunia. Msamaha mkubwa ulirejeshwa mwaka wa 2015.

Chang'aa nayo hutoka kwenye moto kama huo, lakini hutoneshwa kutokana na mvuke, na kileo chake ni kikali mara nyingi zaidi. Ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, ambayo ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho. Tangu hapo yaweza kuuzwa kwa leseni, katika chupa, si kwa kata. Leseni za vileo sasa hutolewa na kaunti, na anayepika pombe ya nafaka kwa ajili ya kuuza naye huihitaji.

Mei 2014 makumi ya watu walifariki Embu, Kiambu na kwingineko baada ya kunywa kileo chenye methanoli. Februari 2024 zaidi ya watu 10 walifariki Kangai, Kirinyaga. Baada ya misiba kama hiyo, mapipa ya pombe ya nafaka humwagwa pamoja na sumu yenyewe, ilhali wimbi na mtama vikichachuka hutoa methanoli kidogo mno. Kiasi cha kuua aghalabu huwa ni kemikali ya viwandani iliyotiwa na mfanyabiashara ili kuongeza ukali na faida. Haina rangi, na kwa harufu haitofautiki kwa urahisi na kileo cha kawaida.

Mwilini methanoli hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho. Dalili zaweza kuchelewa saa 12 hadi 24: tumbo kuuma, kutapika, kupumua kwa kasi, kuona ukungu. Wengi hudhani ni uchovu wa ulevi wakalala. Hospitali ina dawa ya kuzuia mgeuko huo, lakini hufaa tu mgonjwa akifikishwa mapema.